Mizizi Yenye Damu: Kuielewa Albamu ya Roots ya Sepultura

Ukiisikiliza Roots, albamu ya Sepultura, bendi ya hevi metali ya Brazili, tangu mwanzo bila kurukaruka, utafika mahali ambapo magitaa ya umeme yananyamaza. Nyimbo kumi nzito zimeshapita na kifua kimeshazoea vishindo. Kwanza unaingia wimbo mfupi wa gitaa kavu peke yake. Kisha wanaingia watu: wanaume wengi wakiimba pamoja, sauti zao zikiwa chini, miguu ikigonga ardhi kwa mpigo mmoja. Hakuna kiitikio cha kungojea, wala hakuna anayejitokeza kumzidi mwenzake. Wimbo huo unaitwa Itsári, na katika lugha ya Waxavante wa Brazili neno hilo maana yake ni mizizi. Kwa hiyo jina la albamu limetajwa mara mbili: kwa Kiingereza juu ya jalada, na kwa lugha ya watu waliokuwa wakiishi kwenye ardhi ile kabla haijaitwa Brazili.

Nimeanza na wimbo huo makusudi, kwa kuwa mara nyingi albamu hii huelezwa kuanzia upande usiofaa. Tangu itoke Februari 1996, wapo walioiita hevi metali yenye vionjo vya Kibrazili, wapo walioitia kwenye kapu la nu-metali, metali ya miaka ya 1990 iliyochanganywa na hip-hop, pamoja na bendi za California, na wapo waliosema ni thrashi, yaani metali ya mbio, iliyopunguzwa mwendo. Kila jina lina chembe ya ukweli. Ila yote yana kosa moja: yanachukulia gitaa kuwa ndiyo nyumba, na ngoma za jimbo la Bahia na uimbaji wa Waxavante kuwa mapambo ya ukutani. Mimi naamini mambo ni kinyume. Katika albamu hii ngoma ndiyo nguzo, na gitaa ndilo lililolazimika kujifunza kuifuata. Ukishalisikia hilo, hata mambo yanayojirudia katika maneno ya nyimbo, yaani ardhi, damu na ukaidi, yanaacha kuonekana kama mkusanyiko wa hasira na yanageuka kuwa hadithi moja.

Walikotoka

Sepultura, neno la Kireno lenye maana ya kaburi, ilianza mwaka 1984 katika mji wa Belo Horizonte, jimbo la Minas Gerais. Waliokuwa kiini chake ni ndugu wawili, Max na Igor Cavalera. Max aliimba na kupiga gitaa, Igor akapiga dramu. Besi ilikuwa ya Paulo Xisto Pinto Jr., na mwaka 1987 akajiunga Andreas Kisser, mpiga gitaa la solo. Hao wanne ndio waliotengeneza Roots, ambayo ni albamu yao ya sita.

Mwanzoni hapakuwa na chochote cha Brazili ndani ya muziki wao. Albamu yao ya kwanza kamili, Morbid Visions ya mwaka 1986, iliimba habari za shetani na mauti kwa Kiingereza ambacho walikuwa bado hawajakimudu, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ya muziki walioupenda kutoka Ulaya na Marekani. Miaka michache baadaye, Beneath the Remains (1989) na Arise (1991) ziliwafikisha kwenye majukwaa ya dunia nzima. Hizi ni albamu za thrashi, na inafaa kulieleza neno hilo kwa kuwa bila kulijua huwezi kuona walivyobadilika. Thrashi ni tawi la hevi metali lililokomaa miaka ya 1980, hasa Marekani na Ujerumani, na nguvu yake iko kwenye mbio. Mkono wa kulia wa mpiga gitaa hukwaruza nyuzi upesi kama sindano ya cherehani, dramu zinakimbia nao, na maneno yanatemwa kuliko yanavyoimbwa. Ni muziki unaokuambia: nikamate kama unaweza.

Mwaka 1993 walitoa Chaos A.D., na hapo ndipo mbegu za Roots zilipopandwa. Mwendo ulipungua. Igor alianza kuhamisha uzito kutoka kwenye matasa kwenda kwenye ngoma zenyewe, zile kubwa zenye sauti ya tumboni. Ndani yake kulikuwa na wimbo mmoja usio na maneno, wa magitaa makavu na ngoma, uitwao Kaiowas, jina la watu wa asili wa Brazili ambao mapambano yao ya kuibakiza ardhi yao yaliwafikisha kwenye kutishia kujiua pamoja kuliko kuondolewa. Kulikuwa pia na Manifest, unaohusu gereza la Carandiru mjini São Paulo, ambako tarehe 2 Oktoba 1992 polisi waliingia kuzima fujo na wafungwa 111 wakauawa. Kwa maneno mengine, kabla ya Roots bendi hii ilikuwa imeshaanza kutazama kwao. Kilichobaki kilikuwa kulifanya sikio nalo litazame kule kule.

Ngoma

Albamu ilirekodiwa katika miezi ya mwisho ya mwaka 1995 kwenye studio ya Indigo Ranch, katika milima ya Malibu, California. Prodyuza alikuwa Ross Robinson, kijana ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametengeneza albamu ya kwanza ya bendi ya Korn kwenye studio hiyo hiyo. Kutoka kwake Sepultura walichukua vitu viwili: magitaa yaliyolegezwa nyuzi hadi yanakaribia kuwa besi, na namna ya kurekodi inayoacha makovu yaonekane. Sauti ya Max inapasuka, pumzi zinasikika, pembe hazijasuguliwa. Hapo ndipo neno nu-metali lilipopatikana, na wanaolitumia hawajasema uongo. Jonathan Davis wa Korn yumo ndani ya wimbo mmoja, Lookaway, pamoja na Mike Patton wa bendi ya Faith No More na DJ Lethal aliyekuwa wa kundi la hip-hop la House of Pain. Lakini nikiambiwa nitoe wimbo mmoja kwenye albamu hii bila kuiumiza, nitautoa huo huo. Ni wimbo mzuri wa California uliopotea njia.

Nguzo yenyewe ilitoka upande mwingine, Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia. Salvador ilikuwa makao makuu ya koloni la Kireno hadi mwaka 1763, na bandari yake ilipokea watu waliotekwa Afrika kwa karne kadhaa. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu watu milioni 5 walishushwa Brazili wakiwa watumwa, idadi inayozidi nchi nyingine yoyote ya Amerika, na utumwa haukufutwa huko hadi tarehe 13 Mei 1888. Walichokuja nacho hakikuwa mizigo. Kilikuwa lugha, miungu, na namna ya kugawanya mpigo.

Mtu aliyeileta Salvador ndani ya studio ni Carlinhos Brown, mpiga ngoma na mtunzi kutoka mtaa wa Candeal, mwanzilishi wa kundi la Timbalada. Alikuja na ala ambazo mashabiki wengi wa metali hawakuwa wamewahi kuzisikia: timbau, ngoma ndefu nyembamba inayopigwa kwa viganja, surdo, ngoma nene ya samba inayotembea kama moyo wa mtu mzima, na vyombo vya bati vya kugonga. Zingatia wakati. Februari hiyo hiyo albamu ilipotoka, Michael Jackson alikuwa Salvador akipiga picha za video pamoja na kundi la Olodum kwenye vichochoro vya mtaa wa kale wa Pelourinho. Ngoma za Bahia zilikuwa zimeshaanza kusikika duniani. Sepultura walichofanya tofauti ni kuzipa ngoma hizo mamlaka juu ya magitaa.

Nieleze mamlaka hayo yanavyofanya kazi, maana hapa ndipo fundo lenyewe lilipo. Muziki wa metali hujengwa juu ya kile wanamuziki wanachokiita rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa hadi kinakuwa mgongo wa wimbo. Katika thrashi, rifu huja kwanza na dramu huikimbilia. Katika samba mambo hayaendi hivyo. Surdo huweka hatua nzito, na ngoma ndogo hujaza nafasi kati ya hatua na hatua kwa mapigo yanayokuja kabla au baada ya pale unapoyategemea. Utamu wote uko katika nafasi hizo. Sasa gitaa lililosheheni noti likiingia humo, litaziba kila tundu na ngoma itakufa. Kwa hiyo magitaa ya Roots yalilazimika kujinyima. Sikiliza Ratamahatta, ambao Carlinhos Brown anauimba pamoja na Max kwa Kireno: sehemu kubwa ya gitaa ni noti moja au mbili tu, zikipigwa na kukatwa, kupigwa na kukatwa. Gitaa limegeuka ngoma. Hata jina la wimbo linatamkwa kama pigo la ngoma.

Mfano mzuri zaidi wa jambo hili ni berimbau, ala inayofungua wimbo uitwao Attitude. Ni upinde wa mti wenye waya mmoja, na chini yake kimefungwa kibuyu kilichokatwa mdomo kinachokuza sauti. Mpigaji hugonga waya kwa kijiti chembamba, huku mkono mwingine ukibana waya kwa jiwe au sarafu. Asili yake inafuatiliwa hadi kwenye pinde za muziki za Angola, na huko Brazili ndiyo inayoongoza capoeira, mchezo wa kupigana kwa kucheza: ikiharakisha, wachezaji huharakisha, ikitulia, nao hutulia. Kimsingi berimbau ina noti mbili tu, ya waya ulioachiwa na ya waya uliobanwa. Utajiri wake wote uko kwenye mpigo. Basi ukitoka hapo urudi kwenye wimbo wa kwanza wa albamu, Roots Bloody Roots, utasikia jambo ambalo mimi lilinichukua muda mrefu kuligundua. Rifu yake ni kama berimbau iliyotiwa umeme. Noti chache sana, chini kabisa, na kila kitu kimeachiwa mdundo. Max mwenyewe anajulikana kwa kuziondoa nyuzi mbili nyembamba kwenye gitaa lake na kubaki na nne. Watu hudhani ni maringo ya jukwaani, lakini ni uamuzi wa mtu asiyehitaji melodi kwa sababu amepata kitu kingine.

Majina matatu

Ndani ya Ratamahatta yanaitwa majina matatu ambayo msikilizaji wa nje huyapita bila kujua. La kwanza ni Zé do Caixão, mhusika wa sinema za kutisha aliyebuniwa na kuigizwa na José Mojica Marins, mwenye kucha ndefu na kofia nyeusi. La pili ni Lampião, jambazi wa nyika kavu za kaskazini-mashariki aliyeuawa mwaka 1938, ambaye kwa matajiri alikuwa muuaji na kwa baadhi ya maskini alikuwa shujaa. La tatu ni Zumbi.

Zumbi alikuwa kiongozi wa Palmares, makazi makubwa ya watu waliotoroka utumwa katika vilima ambavyo leo viko katika jimbo la Alagoas. Palmares ilidumu kwa sehemu kubwa ya karne ya 17 ikipigana na majeshi ya Wareno na ya Waholanzi. Zumbi aliuawa tarehe 20 Novemba 1695. Hesabu miaka: Sepultura walipokuwa studio mwishoni mwa 1995, Brazili ilikuwa ikiadhimisha miaka 300 ya kifo chake. Makazi ya namna hiyo kwa Kireno cha Brazili huitwa quilombo, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuona ndugu yake hapo. Ni kilombo, neno la Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola, lenye ki- yetu mwanzoni. Maneno ya Kibantu yalivuka bahari yakiwa na ngeli zake, na yamo ndani ya albamu ya hevi metali.

Kwa nini jambazi, mtoro na jini la sinema wawekwe pamoja? Kwa sababu wote watatu ni watu ambao nchi rasmi haikutaka kuwa nao. Wimbo unaanza mitaani, kwenye vibanda, gereji na favela, yaani mitaa ya mabanda, kisha unawaita waliokataliwa mmoja mmoja kama vile orodha ya mizimu. Hakuna hotuba. Kuna ngoma na majina.

Kijiji cha Pimentel Barbosa

Turudi kwa Waxavante. Wao hujiita A'uwẽ, na ardhi yao iko Mato Grosso, katikati ya Brazili. Historia yao na serikali ni ya kujilinda. Mwaka 1941 ofisa wa idara ya serikali ya kushughulikia watu wa asili, aliyeitwa Pimentel Barbosa, aliongoza msafara wa kutaka kuwafikia, na Waxavante wakawaua. Mawasiliano ya amani yalipatikana mwaka 1946. Kijiji walichokwenda Sepultura mwaka 1995 kinabeba jina la ofisa huyo.

Walikwenda kwa kuomba. Max amesimulia kwamba wazo la kurekodi na watu wa asili lilimjia baada ya kutazama filamu kuhusu Amazoni, na kilichofuata kilikuwa kutafuta njia ya heshima kupitia watu waliokuwa wakifanya kazi na wanakijiji. Wakakubaliwa, wakafika, wakapakwa rangi mwilini, nyekundu na nyeusi, wakaketi na magitaa makavu na ngoma mbele ya maikrofoni chache. Wenyeji wakaimba wimbo wa shughuli ya uponyaji, na wageni wakausindikiza. Huo ndio Itsári. Uimbaji wa Waxavante unasikika pia katika Born Stubborn.

Mambo mawili yananigusa hapa. La kwanza ni kwamba Waxavante huamini nyimbo hupokewa ndotoni. Kijana huota wimbo, huamka, huwafundisha wenzake, na ukishaimbwa na kundi unakuwa wa wote. Hilo linaeleza kwa nini husikii sauti moja ikijitanguliza. La pili ni la lugha yetu. Kiingereza kina neno moja la mzizi wa mti, na kinalipanua hadi kwenye asili ya mtu. Kiswahili kina zaidi. Tunaposema mtu anatumia mizizi, tunamaanisha dawa. Na tunaposema ngoma, tunamaanisha chombo, wimbo, mchezo, na pia shughuli ya kumtibu mgonjwa mwenye pepo, vyote kwa neno moja. Msikilizaji mwenye maneno hayo mawili kichwani hatashangaa kukuta wimbo wa uponyaji ukiitwa Mizizi katikati ya albamu ya ngoma. Wale walioshangaa, wakauliza mbona bendi ya metali imeweka kipande cha kumbukumbu za kijadi, walikosa maneno tu.

Ardhi, damu, ukaidi

Sasa maneno ya nyimbo. Nitasema ukweli kwamba Max Cavalera si mshairi wa mafumbo. Anaandika kwa vipande, kwa amri, mara nyingi neno moja likirudiwa hadi linapoteza umbo. Nyimbo kadhaa za katikati, kama Straighthate na Spit, ni hasira binafsi isiyo na anwani, na hapo albamu hulegea kidogo. Cut-Throat inawashambulia wakubwa wa kampuni za muziki, jambo ambalo wanamuziki huliona zito kuliko wasikilizaji. Ila ukizichukua nyimbo zenye anwani, unaona mstari.

Ambush, jina lenye maana ya uviziaji, unamhusu Chico Mendes. Huyu alikuwa mgema mpira wa jimbo la Acre, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, aliyepanga wenzake kusimama mbele ya wakataji miti ili msitu unaowalisha usigeuzwe malisho ya ng'ombe. Aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Xapuri tarehe 22 Desemba 1988. Mfugaji mkubwa na mwanawe walihukumiwa kwa mauaji hayo mwaka 1990. Katika wimbo, magitaa yanaanza kwa ghadhabu, kisha katikati yanapisha ngoma zichukue nafasi, kama vile msitu wenyewe umepewa zamu ya kusema. Endangered Species unaendeleza jambo hilo hilo, kuangamia kwa viumbe na kwa watu.

Kisha unakuja Dictatorshit, jina lililounganisha udikteta na kinyesi. Ni wimbo mfupi wa kasi, karibu pekee kwenye albamu unaorudi kwenye mbio za zamani, na unahusu utawala wa kijeshi ulioingia kwa mapinduzi ya mwaka 1964 na kudumu hadi 1985. Ndugu wa Cavalera walizaliwa na kukulia ndani yake. Tume ya Taifa ya Ukweli, katika ripoti yake ya Desemba 2014, iliorodhesha watu 434 waliouawa au kupotezwa na utawala huo. Mwaka 1996 tume hiyo na ripoti yake zilikuwa bado hazipo. Kulikuwa na watu waliojua, na bendi iliyopiga kelele.

Zumbi mwaka 1695, Lampião mwaka 1938, mapinduzi ya mwaka 1964, Chico Mendes mwaka 1988, Waxavante walio hai. Zipange hivyo na utaona kwa nini jina la wimbo wa kwanza limeunganisha mizizi na damu. Albamu hii haisemi tu kwamba mtu ajivunie alikotoka. Inasema kwamba huwezi kuufukua mzizi wa Brazili bila kukuta damu imeloweka udongo, na kwamba mchanganyiko wa muziki unaousikia ulipatikana kwa njia hiyo. Ngoma za Angola hazikualikwa Bahia. Kuchanganya mitindo katika Roots hakutengani na mada zake, kwa kuwa mchanganyiko wenyewe ndio mada.

Hata jalada linasema hivyo. Uso wa mtu wa asili ulio juu yake, uliochorwa na Michael Whelan, ulichukuliwa kutoka kwenye noti ya pesa ya Brazili, ya cruzeiro 1000. Serikali ilikuwa imeichapa sura ya watu wale kwenye pesa huku ardhi yao ikiendelea kuvamiwa. Bendi iliiondoa sura kwenye pesa na kuizungushia mizizi.

Nani mwenye haki?

Linabaki swali linaloulizwa kila mara: ndugu wawili wenye baba Mwitaliano, vijana wa mjini waliokulia kwenye kaseti za metali za Ulaya, wana haki gani ya kusema mizizi yetu? Swali hili ni la haki na sitalipuuza. Lakini linahitaji kuulizwa ndani ya historia ya fikra za Brazili. Mwaka 1928 mwandishi Oswald de Andrade alitoa ilani maarufu akisema kwamba Mbrazili asimwige mgeni na asimfukuze, bali amle, ammeng'enye, na atoe kitu chake mwenyewe. Wasanii wengi wa nchi hiyo wameishi kwa wazo hilo. Mjini Recife, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Chico Science na Nação Zumbi walikuwa wameshaunganisha maracatu, ngoma nzito za jadi za huko, na roki na hip-hop. Roots iko katika ukoo huo. Gitaa la umeme ndilo lililoliwa.

Hilo halimalizi mambo. Nyimbo nyingi bado ziko kwa Kiingereza, na mkono wa soko la Marekani unaonekana. Kinachonifanya niiamini albamu hii ni kile kilichofanywa katika Itsári. Kama Waxavante wangekatwa vipande na kubandikwa juu ya rifu, ningekuwa upande wa wanaolalamika. Badala yake ni bendi iliyokwenda, ikaketi chini, ikafuata. Mgeni alipunguza sauti yake. Katika muziki unaojivunia kupiga kelele kuliko wote, hiyo ni adabu kubwa.

Baada ya hapo

Waliotengeneza Roots hawakudumu nayo pamoja. Agosti 1996 Dana Wells, mtoto wa kambo wa Max na mmoja wa walioandika maneno ya Attitude, alikufa katika ajali ya gari. Desemba mwaka huo huo, baada ya onyesho la Brixton Academy mjini London, mgogoro kuhusu kuongozwa na meneja wao, Gloria, ambaye alikuwa mke wa Max na mama wa Dana, ulifika mwisho na Max akaondoka. Yeye akaanzisha Soulfly, ambako berimbau na ngoma ziliendelea. Sepultura wakampata mwimbaji mwingine, Derrick Green. Miaka 20 baadaye, mwaka 2016, Max na Igor walizunguka dunia wakiipiga Roots nzima, wakiwa nje ya bendi waliyoianzisha.

Mlango walioufungua ulibaki wazi. Bendi ya Alien Weaponry huimba thrashi kwa Kimaori huko New Zealand. Gojira wa Ufaransa mwaka 2021 walitoa wimbo kuhusu Amazoni na kuchangisha fedha kwa ajili ya muungano wa watu wa asili wa Brazili. Wakati wa Roots hapakuwa na njia iliyokanyagwa.

Kuna kitu kimoja wengi hawakifikii kwa kuwa huzima mapema. Wimbo wa mwisho ukiisha, iache albamu iendelee. Kuna kimya, halafu kinaanza kipande kisichoandikwa kwenye orodha, kinachojulikana kama Canyon Jam, cha zaidi ya dakika kumi. Walitoka nje ya studio, wakaingia bondeni chini ya milima ya Malibu na ngoma zao, na wakapiga bila kupanga, mmoja akianza na mwingine akimjibu, mwangwi wa bonde ukiwarudishia pigo lao. Hakuna gitaa hata moja la umeme, na bado ni albamu ile ile.